Mwaka mmoja wa masomo kule Idjwi



Wengi mmetuuliza katika mikutano yetu ya siku ya posho: wale mabinti watano tunaowalipia masomo kule Idjwi wanaendeleaje? Mwaka huu tuliamua kwenda kuona kwa macho yetu, na si mara moja. Tulikwenda wakati wa kufungua masomo, wakati wa buletini ya kwanza, karibu na egzame, na siku ya proklamasio. Haya ndiyo tuliyoyaona. Mengi yatawafurahisha. Jambo moja halitawafurahisha, kwa sababu kosa ni letu, na tumeona afadhali tuliandike hapa kuliko lisemwe penye robine tunapochotea maji.

Septemba: kufungua masomo

Boti ya mbao iliondoka Bukavu asubuhi mapema. Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, lakini lina upepo. Asubuhi maji yanalala kama mafuta. Mchana upepo unaamka na mawimbi yanaanza kupiga mbao. Tulikuwa mama wanne, tukapewa jilé mbili tu za kuvaa kifuani. Mmoja wetu hakuachia rozari yake mpaka boti ilipogusa mchanga. Ndani ya boti kulikuwa na sabuni, chumvi, mabati, mifuko ya unga, na watoto wa shule waliokuwa wanarudi kisiwani, kila mmoja na sanduku lake na godoro lililofungwa kwa kamba.

Idjwi iko katikati ya ziwa, Kongo upande mmoja na Rwanda upande wa pili. Ni teritware nzima yenye shefferi mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na ofisi kubwa iko Bugarula. Wanafunzi wa kalasi ya jiografia walitufundisha kwa fahari kwamba katika visiwa vya maziwa ya Afrika, chao ni cha pili kwa ukubwa baada ya Ukerewe ya ziwa Victoria. Vita vilipokuwa vinachoma milima ya Kivu kuanzia mwaka 1996, watu wengi walikimbilia huko. Mpaka leo ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Ukipanda mlima, unaona mashamba yameshikana kama viraka vya nguo: maharagi, muhogo, mananasi, kawa. Migomba mingi imekauka kwa ule ugonjwa wa kunyauka. Mama mmoja alituonyesha vishina vyake akasema, "Hapa ndipo palikuwa minervali ya watoto wangu." Zamani ndizi zilitoa kasiksi, kasiksi ilitoa franka, na franka zilipeleka mtoto shuleni.

Kawa nayo ina historia yake. Kwa miaka mingi wanaume wa Idjwi walipakia kawa katika mitumbwi usiku, wakavuka kwa kujificha kwenda kuiuza Rwanda, ambako bei ilikuwa nzuri kuliko nyumbani. Mtumbwi uliojaa kupita kiasi, giza, upepo: wengi hawakurudi. Ndiyo sababu kisiwa kina wajane wengi wa kawa. Kati ya mabinti zetu watano, watatu baba zao walibaki ziwani namna hiyo.

Shule yenyewe iko juu ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu kutoka bandarini kwa miguu yetu, na nusu saa kwa miguu ya watoto. Ni nyumba mbili za matofali zenye mabati, kalasi sita: ya saba, ya nane, na nne za humaniti. Opsio ni moja tu, pedagogi. Hakuna umeme. Kuna bendera, na saa moja na nusu asubuhi watoto wote wanasimama mbele yake kwa bluu na nyeupe, wakiimba wimbo wa taifa kwa sauti inayoshuka mpaka kwa wavuvi. Kisha kila mmoja anaweka chini bidoni ya lita tano aliyoileta. Maji hayo ni ya kuosha kalasi na ya vyoo, kwa kuwa shule haina robine.

Tulihesabu. Katika darasa la saba, wasichana na wavulana walikuwa karibu sawa. Katika darasa la mwisho, lile sisi wakubwa tuliloliita mwaka wa sita, walikuwa vijana kumi na tisa, wasichana wanne tu. Tulimuuliza prefe wengine wamekwenda wapi. Hakujibu haraka. Aliinua kidole akaonyesha soko, akaonyesha ziwa, kisha akaonyesha nyumba zenye nguo za watoto wachanga zilizoanikwa.

Mama, wote tunajua kwamba tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipwi. Lakini furaha hiyo inaishia mlango wa darasa la saba. Kuanzia pale kuna minervali, kuna prime ya walimu, kuna franka za egzame, kuna kaye na uniforme. Katika shule hii walimu wengine ni wale wanaoitwa N.U., ambao Serikali bado haijaanza kuwalipa. Mwalimu wa hesabu anafuga mbuzi. Mwalimu wa Kifaransa analima mananasi. Mzazi asipolipa, mwalimu hali. Hilo tulilisikia pande zote mbili, na pande zote mbili zina haki.

Siku ya mtoto wa Idjwi

Tulilala kwa mama wa binti yetu mkubwa, yule wa darasa la mwisho. Saa kumi usiku alikuwa amekwisha amka. Alichota maji mara mbili, akafagia, akawasha moto, akapika mchuzi wa sambaza wa jana kwa ajili ya wadogo zake, akafunga bidoni yake ya shule, akaondoka. Hakula. Saa saba na nusu alirudi, akala bugali na maharagi, akaenda shambani mpaka jua lilipoteremka.

Jioni ndipo tulipoelewa anasoma saa ngapi. Karibu na njia kuna duka dogo lenye pano ya jua, ambamo watu wanachaji simu. Mwenye duka amewawekea wanafunzi benchi chini ya taa. Anapofunga duka, masomo yamekwisha. Mabinti zetu watano walikuwa wamekaa pale, kila mmoja na kaye yake magotini, wakiulizana maswali kwa Kifaransa na kucheka makosa yao kwa Kihavu. Huko ziwani taa za wavuvi wa sambaza zilikuwa zimejipanga kama mji. Mmoja wetu alisema polepole, "Na sisi nyumbani tunawaambia watoto wetu wazime televisheni, hawasikii."

Walituambia pia kuhusu siku ya kufukuzwa. Inakuja mwishoni mwa Oktoba, halafu tena na tena. Mtu wa disiplini anaingia na karatasi, anasoma majina, na wenye majina wanatoka. Wengine wanarudi baada ya siku tatu. Wengine baada ya wiki tatu. Wengine hawarudi. Binti mmoja alisema kinachouma si kutembea kurudi nyumbani. Kinachouma ni kumkuta mama shambani na kumwambia.

Tulitafuta sababu, tukaipata kwenye mti wa kawa. Kawa ya huku inaiva kuanzia Machi mpaka Juni. Mama ana franka wakati huo. Shule inataka franka kuanzia Septemba. Kalenda ya masomo na kalenda ya kawa hazijuani kabisa. Katikati yake ndimo msichana anamopotelea, kwa sababu ikiwa franka zinatosha mtoto mmoja tu, katika nyumba nyingi zinalipwa za mvulana.

Februari: buletini ya kwanza

Tuliporudi Februari mvua ilikuwa imeharibu njia. Semesta ya kwanza ilikuwa imekwisha. Mabinti wanne walipata zaidi ya asilimia hamsini na tano. Mdogo wao wa darasa la nane alikuwa na alama mbaya mbili, hesabu na Kifaransa, akaificha buletini ndani ya nguo mpaka tulipomwomba kwa upole.

Siku hiyo binti yetu wa darasa la mwisho alikuwa na somo la kufundisha. Wanafunzi wa pedagogi wanapelekwa katika shule ya msingi ya jirani, wanafundisha mbele ya mwalimu wao na wenzao, wanapewa alama. Tuliruhusiwa kukaa nyuma. Alikuwa mbele ya watoto wa darasa la pili zaidi ya sitini. Hakuwa na kitu ila chaki na mfuko wa mbegu za kawa. Aligawa mbegu kumi kumi, akawafundisha kutoa na kukopa kwa Kiswahili: "Mama ana kumi, amemkopesha jirani nne. Zimebaki ngapi?" Mtoto mmoja akasema, "Sita, lakini jirani harudishi!" Darasa lote likacheka, na mwalimu mkubwa naye akacheka. Yeye hakupoteza somo. Alisema, "Basi leo tutamfundisha jirani kurudisha," akaandika 4 + 6 kwenye tablo. Tulijua siku ile kwamba tunamtazama mwalimu.

Alasiri tulikaa na wasichana wote peke yao. Walituambia jambo ambalo hawawezi kumwambia prefe: katika siku zao za mwezi wengi hawaji shuleni, siku mbili, siku tatu. Vyoo havina milango, na nguo wanazotumia hazishiki. Tulikuwa tumeleta flaneli, pamba, nyuzi na sindano. Tulishona pamoja mpaka jioni, vitambaa vya kufua na kuanika juani, si kuvificha chini ya kitanda penye unyevu. Kamati ya wazazi iliahidi milango miwili. Tunaweza kusema kwamba milango hiyo imewekwa, na kwamba ni baba mmoja fundi aliyeitengeneza bila kuomba kitu.

Kabla hatujaondoka, prefe alitupa karatasi. Ilikuwa hesabu ya kuandikisha binti yetu kwa egzame ya Serikali, na tarehe ya mwisho: mwisho wa mwezi. Tuliipokea kwa mikono miwili. Tulimwambia mama wa binti, mbele ya majirani, "Usihangaike. Hilo ni letu."

Kosa letu

Mama, sasa tusikilizane.

Tuliporudi Bukavu mkutano ulikuwa na mambo mengi, na jambo kubwa lilikuwa tarehe 8 Machi. Kikwembe cha mwaka kilikuwa kimetoka. Vyama vingine vyote vya mtaa wetu vilikuwa vimekwisha kununua. Hesabu ya egzame ilikuwa karibu bei ya vikwembe vitano. Tulinunua ishirini na tatu. Tulisema tutatuma franka za Idjwi likelemba ya juma lijalo ikiingia. Juma lijalo tulikuwa na matanga, na kasha likafunguliwa kwa matanga. Prefe alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza tulisema kesho. Mara ya pili simu haikupokelewa.

Tulituma franka baada ya sherehe. Prefe alijibu kwamba orodha ilikuwa imekwisha kwenda kwenye inspeksio, na jina la binti yetu halimo. Tulimtuma mtu, tuliomba, tuliandika barua. Haikuwezekana.

Katikati ya Machi kapiteni wa boti alituletea karatasi ya kaye iliyokunjwa mara nne. Binti alikuwa ameandika mistari michache. Aliuliza habari zetu. Alisema wadogo zake ni wazima. Alisema ameona picha yetu ya tarehe 8 katika simu ya mwalimu, na kwamba tulipendeza sana. Mwisho alituomba tusimkasirikie mama yake kama akisema neno.

Hakuna aliyesema kitu baada ya barua ile kusomwa. Mama mmoja alivua kikwembe chake akakiweka mezani, lakini kikwembe kilichokwisha shonwa hakilipi egzame.

Mei: kwa mama yake

Tulikwenda Mei, wakati wa kawa. Hakuna aliyetaka kwenda, kwa hiyo tulikwenda wengi: mama saba. Tulimkuta mama wa binti anatandaza kawa juu ya meza ya waya, anachagua zilizooza. Alitupa viti. Alitupa mananasi. Tulipiga magoti tukaomba msamaha, kama inavyotakiwa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, "Dada zangu, mumelipa miaka mitatu. Hakuna ndugu wa mume wangu aliyefanya hivyo. Sina neno juu ya franka. Lakini kama mngeniambia siku ile kwamba hamna, ningeuza mbuzi. Nilikuwa nao wawili. Mliniambia nisihangaike, nikaacha kuhangaika."

Tumeyabeba maneno hayo mpaka leo. Tulifikiri kosa letu lilikuwa ni kukosa franka, au kupenda nguo. Lakini nguo si dhambi, na tarehe 8 ni siku yetu. Kosa lilikuwa kuchukua mzigo kichwani kwa mwenzetu, kuuweka chini njiani, na kutomwambia kwamba tumeuweka chini.

Na binti? Alikuwa kalasini. Prefe alimwambia anaweza kubaki nyumbani kwa kuwa hataingia egzame, naye alikataa. Alisoma mpaka siku ya mwisho. Jioni, penye taa ya duka, yeye ndiye aliyewauliza maswali wale wenzake watatu. Walipokwenda kwenye senta ya egzame kwa siku nne, aliwasindikiza mpaka njia panda akiwa amewabebea chakula: viazi, maparachichi na sambaza kavu. Alirudi peke yake.

Julai: proklamasio

Proklamasio inafanyika uwanjani, wazazi kwenye mabenchi ya kalasi, majina yanasomwa kwa sauti kuanzia wa kwanza. Yule mdogo wa darasa la nane aliyeficha buletini alipita na asilimia hamsini na mbili. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwa mama yake bila kusubiri karatasi. Wengine watatu walipita vizuri. Binti yetu mkubwa aliitwa wa pili katika darasa lake. Watu walipiga makofi marefu, kwa sababu kisiwani hakuna siri.

Matokeo ya egzame ya Serikali yalikuja baadaye kwa simu. Kati ya wasichana watatu walioingia, wawili walipata diplome. Tuliambiwa kwamba kijiji kilijaa nyimbo, na kwamba aliyewamwagia pudre nyeupe kichwani, kama desturi yetu inavyotaka, alikuwa ni binti yetu. Pudre aliinunua mwenyewe, kwa franka za kuchagua kawa.

Tuliyoamua

Hatukuandika haya ili tuhuzunike pamoja. Tulikaa siku ya posho iliyopita, tukaamua mambo manne. Tunaomba vyama vingine vinavyosoma gazeti hili viyapime pia.

La kwanza. Katika Muso zetu tuna kasha la kijani la kukopeshana na kasha jekundu la ugonjwa na matanga. Masomo hayakuwa na kasha. Ndiyo maana kila jambo lililolia kwa nguvu liliyala. Sasa kuna kasha la masomo, lenye ufunguo wake kwa mama wawili, na halifunguliwi kwa matanga wala kwa kikwembe.

La pili. Tunaweka akiba kufuata kawa: sehemu kubwa tunaikusanya Mei na Juni, watu wana franka mkononi, ili Septemba itukute tayari. Wazazi wa kule nao wamekubali kuweka kilo chache za kawa kila mmoja kwa jina la mtoto, katika kasha lao wenyewe. Tusiwe sisi tu tunaotoa na wao wanaopokea.

La tatu. Egzame ya darasa la mwisho inalipwa kwanza, mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kabla ya kitu kingine chochote. Ya binti yetu imewekwa kando tayari. Atarudi kukaa kwenye benchi lile lile mwaka mwingine mzima, na tunajua mwaka huo tumeuchukua kwake.

La nne halina franka. Tukiona hatutaweza, tunamwambia mzazi siku ile ile, kwa simu au kwa mtu, hata kama ni aibu. Aibu inapita. Mbuzi angeuzwa.

Tutaondoka tena mwanzo wa Septemba, boti ya asubuhi. Mama mwenye kaye, biki, flaneli au sabuni ya kuchangia alete siku ya posho kwenye mkutano. Na safari hii tutajinunulia jilé zetu wenyewe.